Basi la Ardith na Kura ya Kodi ya Shule

Ardith Moomaw hakukua na ndoto ya kuendesha basi. Alikuwa mke wa Dwain, fundi wa tanuri katika kiwanda cha vioo cha Pell Creek. Siku zake zilikwisha kwa kulea watoto, kufuga kuku na kuimba sauti ya pili kanisani. Kisha Dwain akaumia mgongo kazini. Wakakaa ndani majira mazima wakila viazi vya bustani, mpaka shule ikatangaza kwamba inatafuta dereva. Ardith alikuwa ameendesha trekta tangu miguu yake ilipofika kwenye pedali, basi akaenda kuomba. Msimamizi wa magari akamtazama, mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu, akamuuliza kama kweli ataliweza basi.

"Nimeliweza trekta la baba lisilo na breki," akajibu. "Hili lina breki?"

Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo amezeeka barabarani. Waliomtapikia nyuma ya kiti sasa wana ndevu, nao humletea watoto wao wapande. Dwain alifariki, kiwanda cha vioo kikafungwa, maduka mawili ya barabara kuu yakafuata, lakini kila asubuhi taa za basi la Ardith ziliendelea kuonekana zikikata mashamba ya mahindi. Mimi nina duka la vifaa vya shamba pale njiapanda, na kwa miaka mingi nimefungua mlango wangu kwa kufuata mlio wa basi lake.

Kwetu Ohio shule hula kutoka mikononi mwa watu. Kila baada ya miaka mitano, kodi ya nyumba na ardhi inayolisha shule hurudi kwenye karatasi ya kura, na wenyeji husema iendelee au ife. Zamani ilipita bila kelele, watu wakipiga ndiyo na kwenda zao kunywa kahawa. Lakini kiwanda kilipofungwa mzigo wake ulihamia kwenye nyumba na mashamba, na mwaka ule kaunti ilikuwa imepandisha thamani ya kila kiwanja. Watu wakapata ankara zao wakashika vichwa. Bei ya mbolea huwezi kuipigia kura, wala ya dizeli, wala ya dawa za hospitali. Kodi ya shule ndiyo iliyokuwa karibu na mkono, nayo ikapigwa.

Hakuna aliyekasirika kuliko Verlin Stahl, kaka mkubwa wa Ardith. Yeye ndiye aliyerithi shamba la baba yao, akaliongeza, na sasa ana mahindi na soya mpaka macho yanachoka kutazama. Mwenye ardhi nyingi hulipa nyingi, hata mwaka ambao mvua imemkataa. Verlin akapiga misumari mbao mbili kubwa pale njiapanda, akaandika kwa rangi nyekundu: HAPANA. SHAMBA SI KISIMA. Basi la Ardith lilipita mbele ya mbao zile asubuhi na alasiri.

Ugomvi wenyewe ulizuka siku ya Pasaka, nyumbani kwa Verlin, nyama ikiwa bado haijakatwa. Ardith alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba kura hii si ya kodi mpya.

"Ni ile ile tunayolipa siku zote, kaka. Wanaomba isikatwe."

"Ile ile ndiyo inayoniua," Verlin akasema.

"Na shule ikikosa?"

"Ijibane, kama tunavyojibana sisi. Na wewe usinihubirie, Ardith. Unatetea mkate wako tu."

Joretta, mke wa Verlin, aliweka kisu chini. Ardith hakupandisha sauti. Alisimama, akavaa koti, akaenda jikoni akachukua pai ya tufaha aliyokuwa ameileta, akatoka nayo. Joretta alikuja kuniambia kwamba kilichomuuma zaidi mumewe ni ile pai.

Mwezi wa tano kura ikapigwa, kodi ikakataliwa. Haikuanguka kwa kura nyingi, lakini kuanguka ni kuanguka. Ardith na Verlin hawakusemezana majira yote ya joto, na nyumba zao zimetenganishwa na shamba moja la soya. Wakikutana kanisani, mmoja alisoma kitabu cha nyimbo kana kwamba hajawahi kukiona.

Bodi ya shule ikakaa, ikapunguza walimu, ikafunga michezo na bendi, kisha ikatangaza lile lililoogopwa: shule zitakapofunguliwa, basi litabeba wadogo tu. Wa sekondari wajitafutie njia.

Waliokuwa na magari walipelekwa na wazazi. Waliobaki walitembea kandokando ya barabara ya kaunti, ambayo haina njia ya miguu. Kuna lami, kuna mstari mweupe, kisha mtaro. Na Ardith alilazimika kuwapita. Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa na viti vitupu nyuma yake, na mbele yake watoto aliowabeba tangu wakiwa na mabegi makubwa kuliko migongo yao, lakini sheria ya bima ilimkataza kufungua mlango. Siku ya kwanza walimpungia mkono. Kijana mmoja akajifanya anasimamisha basi kwa kidole gumba, wenzake wakacheka.

"Mama Ardith, hata mpaka kwenye mti ule!"

Alitabasamu, akawapita. Alipowashusha wadogo alikaa kwenye usukani akalia mpaka kioo kikapata ukungu.

Kodi ingerudi kwenye kura mwezi wa kumi na moja. Kamati ya kuitetea ilikuwa na walimu na mchungaji, watu wanaojua kuandika matangazo mazuri. Ardith akawaambia matangazo watayasoma wenyewe, yeye atakwenda milangoni. Na huyu ni mwanamke anayeogopa kuongea na watu wazima! Watoto anawamudu, lakini akisimama mbele ya mtu mzima asiyemjua vizuri maneno humkwama kooni. Hata hivyo kila alasiri aliegesha basi, akabadilisha viatu, akaenda kugonga.

Wengine walimfungia. Mwanamke mmoja alimwambia kupitia kitundu cha mlango kwamba hayupo nyumbani. Mbwa wa familia moja alimla kipande cha suruali. Nyumbani kwa Enos Fackler, mzee anayeishi peke yake na paka, alikaribishwa barazani lakini hakupewa kiti.

"Wanangu walishakua, Ardith. Shule imenihusu nini?"

"Walikua kwenye basi langu. Yule wako wa pili alinitapikia tambi za kuku kiti kizima. Siku za joto nasikia harufu mpaka leo."

Mzee akacheka hadi paka akashuka kibarazani.

"Haya, nieleze basi. Nikisema ndiyo, kodi yangu inapanda?"

"Haipandi. Unaendelea na hiyo hiyo."

"Nikisema hapana?"

"Inashuka kidogo, na watoto wanaendelea kutembea."

"Mbona karatasini hawakuandika hivyo? Mimi niliisoma mara tatu, nikadhani wananiongezea."

"Karatasi ile imeandikwa na mawakili, Enos. Wangeandika hivyo tungewaelewa."

Hakumwahidi kitu. Lakini Ardith aliondoka akijua jambo ambalo kamati haikulijua: watu wengi hawakukataa shule. Walikataa karatasi wasiyoielewa. Tangu siku hiyo aliacha kuomba kura, akawa anaeleza tu, kisha anaondoka.

Ikafika katikati ya mavuno, wakati malori ya mahindi yanapishana barabarani tangu alfajiri. Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito, ule wa kwetu unaolala juu ya mashamba kama maziwa yaliyomwagika. Ardith alikuwa akienda polepole, wadogo wamejaa nyuma, alipoona mbele yake taa nyekundu zimeinama upande. Akasimamisha basi, akawasha taa zote za tahadhari, akamwambia mwalimu msaidizi aliyepanda na wadogo asiruhusu mtu kushuka.

Lori la Verlin lilikuwa limelala mtaroni. Mahindi yamemwagika barabarani, manjano matupu, na ndani yake wamesimama vijana wa sekondari, mahindi yakiwafika vifundoni. Mmoja wao, Odessa Pruitt, alikuwa amekumbatia tarumbeta kubwa la shaba ambalo karibu limpite kimo. Bendi ilikuwa imefungwa, lakini wenyewe walikuwa wakifanyia mazoezi kanisani kabla ya masomo. Taa za lori ziliipiga ile shaba ikang'aa ndani ya ukungu, na ule mng'ao ndio Verlin aliouona. Akakata usukani.

Verlin alikuwa amekaa juu ya mahindi yake, kofia hana.

"Umeumia?" Ardith akauliza. Hilo lilikuwa neno la kwanza tangu Pasaka.

"Sijaumia."

"Watoto?"

"Wazima. Nimewagusa mmoja mmoja. Wote wazima." Alifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha hasira ikamjia, ile inayokuja hofu inapotafuta pa kutokea. "Wanafanya nini barabarani gizani hivi? Wamepotea njia?"

"Wanakwenda shule, Verlin."

"Kwa miguu? Na basi lako lile pale! Kwa nini huwapakii?"

"Nimekatazwa."

"Nani kakukataza?"

Ardith alikuwa na jibu, na lilikuwa limekaa mdomoni mwake miezi. Hakulitoa. Alimtazama kaka yake, mzee wa miaka sabini, amejaa vumbi la mahindi kichwani, akaona hawezi kumpiga aliyekwisha kuanguka. Ni Odessa aliyejibu, wala hakujibu kwa ubaya.

"Kura ilishindwa, mzee. Ndiyo maana."

Askari wa kaunti alipofika alimkuta Verlin anawasaidia watoto kutoa punje za mahindi viatuni.

Joretta alinisimulia kwamba siku ile mumewe hakula. Aliketi jikoni, na kila baada ya muda alisema, "Ningekuwa nimechelewa kidogo tu, Joretta. Kidogo tu." Alfajiri iliyofuata akaondoka bila kuaga. Alikwenda kwa mchungaji, akaazima gari la kanisa lenye viti vingi, akalisimamisha mwanzo wa barabara ya kaunti, akapiga honi. Vijana wakaja kwa wasiwasi.

"Pandeni. Mikanda. Na yule mwenye bomba akae nyuma."

Asubuhi zote baada ya hapo alifanya vivyo hivyo, mavuno yakimngoja. Alimpa jirani lori lake amwendeshee. Alilalamika njia nzima. Alilalamika kuhusu makoti yao membamba, nywele zao, na simu zao. Wao nao walimzoea upesi.

"Mzee Verlin, redio yako haijui wimbo wowote? Kila siku bei ya soya!"

"Bei ya soya ndiyo inayokununulia viatu."

"Viatu vyangu kaninunulia bibi."

"Basi na bibi yako asikilize bei ya soya."

Akawajua majina. Akajua yupi mama yake hufanya kazi zamu ya usiku hospitalini, yupi hula kifungua kinywa shuleni kwa sababu nyumbani hakuna. Aliyekuwa akisema miaka yote kwamba shule ijibane sasa alikuwa ameketi na wale waliobanwa, magoti yakigusana.

Zile mbao zake hakuziondoa. Verlin ni mbishi, mbishi wa kuzaliwa. Lakini wiki moja upepo mkali ulivuma ukaziangusha, na yeye hakuzisimamisha tena. Watu dukani kwangu walitaniana sana juu ya upepo ule. Kuna aliyesema una buti na kofia, naye aliuona ukipiga teke.

Jumapili moja kabla ya kura Verlin alivuka shamba lililovunwa, akagonga mlango wa nyuma wa dada yake. Ardith alikuwa anaponda viazi. Akamwacha aingie, akaendelea kuponda.

"Nilikukosea," Verlin akasema akiwa bado amesimama. "Lile neno la mkate."

"Ulinikosea kweli."

"Ulipunguziwa saa za kazi, hukulalamika. Ulizunguka milangoni kwa ajili ya watoto wa watu. Nimesikia mpaka mbwa wamekula nguo zako."

"Suruali moja tu. Ilikuwa mbovu."

"Lakini nasema tena, kodi ya shamba ni dhuluma. Hilo sitalimeza."

Ardith akaweka mwiko chini. "Kaka, mimi nimewahi kukuambia si dhuluma? Ni nzito, naiona. Nenda Columbus, kwenye bunge la jimbo, kawagongee meza waliotunga sheria. Mimi mwenyewe nitakupeleka. Lakini ugomvi wako na wakubwa usiwalipishe watoto."

Verlin akavuta kiti, akakaa. Walikula tambi za kuku juu ya viazi. Kisha Verlin akaulizia habari za kuku wa dada yake, naye Ardith akamwonyesha jogoo mpya.

Siku ya kura ilinyesha. Ardith alipiga yake asubuhi katika ukumbi wa kanisa, akamwona Enos Fackler kwenye foleni na mwavuli wa maua, akamwona Verlin akitoka. Hakumuuliza kaka yake amepigaje, wala yeye hakusema. Jioni kamati ilikusanyika kwa mchungaji kungoja matokeo. Ardith hakwenda. Alisema moyo wake ni wa dereva, haukuumbwa kwa kusubiri. Akazima simu, akalala mapema.

Kulipokucha alikwenda karakana ya mabasi. Lonnie Trabue, fundi, alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu, anapima upepo kana kwamba gurudumu lile ni la mfalme.

"Lonnie."

"Mama."

"Habari?"

"Habari njema. Mvua imekatika."

"Lonnie, usinichezee. Nina spana hapa."

Lonnie akasimama taratibu, akafuta mikono, uso ameukaza. Akashindwa kujizuia. "Imepita, mama! Imepita kwa upenyo wa sindano, lakini imepita!"

Ardith alikaa kwenye ngazi ya basi. Hakulia wala hakushangilia. Aliniambia alihisi kitu kimoja tu: mabega yake yakishuka. Hakujua kwamba tangu mwezi wa tano alikuwa ameyapandisha karibu na masikio, mpaka asubuhi ile yaliporudi mahali pake. Lonnie akamletea kahawa, akaketi karibu naye, wakatazama jua likipanda juu ya uwanja wa magari.

Siku ile alipita dukani kwangu na basi tupu, akapiga honi ndefu ambayo kanuni hairuhusu. Nilitoka na wateja wangu watatu, tukampungia, hata mmoja ambaye najua alipiga hapana.

Verlin naye alikwenda Columbus majira ya baridi, na Ardith alimpeleka kama alivyoahidi. Alizungumza mbele ya kamati ya wabunge kwa muda mfupi, akasema kwamba mkulima asilazimishwe kuchagua kati ya shamba lake na mtoto wa jirani. Walimsikiliza. Kama watafanya kitu, hatujui. Yeye aliridhika kwamba safari hii amewakemea waliostahili kukemewa.

Bodi ilirudisha basi la sekondari baada ya sikukuu ya Krismasi. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na theluji, barabara nyeupe, mitaro haionekani. Ardith aliondoka karakana mapema kuliko ilivyohitajika. Katika kila kituo alifungua mlango, hewa ya joto ikatoka, vijana wakapanda wakipukutisha viatu.

"Karibu. Kaa. Karibu, mwanangu. Funga zipu hiyo."

Alitarajia kelele. Alikuwa amejiandaa kwa nyimbo na matusi ya utani. Lakini kabla hata hajafika darajani, nyuma kulikuwa kimya. Akatazama kwenye kioo. Walikuwa wamelala wote, vichwa vimeegemea madirisha na mabega ya wenzao, midomo wazi, mabegi yamekumbatiwa.

Ardith akapunguza mwendo kidogo, asije akawaamsha kwenye kona.